Mama mkwe ana dawa ya puani, shemeji ana vidonge, na mimi nina siri

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Nimezaliwa na kukulia Tanga, nikamfuata mume Njombe, na mpaka leo baridi ya mwezi wa saba sijaizoea. Tunaishi na mama mkwe. Niseme mapema ili usije ukamfikiria vibaya: ni mama mwema, hajawahi kuninyanyasa, na mwanangu analala chumbani kwake siku nyingi kuliko kwangu.

Yaliyonipata yalianza kama mafua ya kawaida. Darasani watoto walikuwa wanapiga chafya kwa zamu, nikajua tu yangu inakuja. Koo likawasha, pua ikachuruzika, nikanywa chai ya tangawizi na kazi ikaendelea. Wiki ilipoisha nilikuwa nimepata nafuu kabisa, Jumamosi nikafua hadi mashuka. Jumapili usiku mambo yakageuka. Niliamka natetemeka kwa homa, pua zote zimeziba, na upande wa kulia wa uso unauma kuanzia chini ya jicho mpaka kwenye meno ya juu. Tangu hapo makamasi yamekuwa mazito ya njano, mengine nayasikia yakishuka kooni, na nikilala tu kikohozi kinaanza. Nikiinama kusahihisha madaftari uso unajaa maumivu mpaka naweka kalamu chini. Kutafuna upande huo siwezi. Harufu ndiyo imepotea kabisa: juzi maziwa yameungua jikoni nami nimesimama palepale, mpaka mtoto akaniambia, "Mama, moshi!"

Shuleni, mwalimu mwenzangu aliponiona nimeshika shavu akasema hilo ni jino bovu, nikaling'oe. Mwingine akasema ni sainasi, na kwamba ndugu yake alipasuliwa pua kwa sababu hiyo na bado inamsumbua. Unaweza kufikiria nililalaje siku hiyo.

Nyumbani, mama mkwe anasema ni kipandauso na dawa yake anaijua. Anachuma majani, anayatwanga, anakamua maji yake kwa kitambaa safi na kumtia mgonjwa matone puani. Anasema mume wangu alitibiwa hivyo utotoni na hakurudia kuumwa. Lakini nilimwona jirani yetu alivyotiwa: alipiga chafya mpaka damu ikamtoka, machozi yakamchuruzika, na mama akasema huo ndio uchafu unatoka. Kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, leo uko tayari?" Nami namjibu, "Kesho, mama."

Mume wangu anafanya biashara ya mbao, yuko Dar es Salaam. Kwenye simu akaniambia nimwone mdogo wake, ana duka la dawa. Shemeji akanipa matone ya kuzibua pua. Yanasaidia, lakini sasa natia asubuhi, mchana na usiku, na yakiisha nguvu pua inaziba kuliko mwanzo. Juzi ameniletea doksisaiklini. Amesema kamasi ya njano ni bakteria, nimeze upesi. Sijameza. Ziko kwenye mkoba wa shule, chini ya maandalio ya masomo.

Sababu ya kutomeza ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Nimepitiliza siku zangu. Mwaka jana nilipata mimba ikaharibika ikiwa changa, wakati nilikuwa nimeshafurahi na kumwambia kila mtu. Maneno yaliyofuata yaliniumiza kuliko kitanda cha hospitali. Wapo waliosema nilibeba ndoo, wapo waliosema mwanamke wa pwani tumbo lake haliwezi baridi ya huku. Nikaapa kwamba safari nyingine hajui mtu mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Hata mume sijamwambia. Hata kupima sijapima, maana kipimo kinauzwa kwa shemeji, na mji wetu huu wauza dawa wote wanajuana.

Sasa kila anayenipa dawa namkwepa bila kusema kwa nini. Jana nimemsikia mama mkwe akimwambia wifi yangu kwenye simu, "Mwalimu haziamini dawa zetu." Ilinichoma, maana siyo hivyo. Shemeji naye anauliza nimefikia wapi na dozi. Nimebaki na panadol, nayo nameza moja pale tu maumivu yanaponishinda, kwa kuogopa. Usiku nafunga madirisha yote na kuingiza jiko la mkaa chumbani, kwa sababu baridi ikinipata usoni maumivu yanazidi. Asubuhi naamka kichwa kizito kuliko nilivyolala.

Nivumilie mpaka iishe yenyewe? Nimeze za shemeji nimwachie Mungu? Nikubali matone ya mama mara moja tu ili nyumba itulie? Au nitoe siri ambayo hata mimi mwenyewe sina hakika nayo?

Mwenye Uso Mzito, Njombe

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, mwishoni mwa barua. Leo usiku jiko la mkaa lisilale chumbani. Najua baridi ya Njombe, najua pia kwamba nyumba nyingi huko hufanya hivyo. Lakini mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili yake ya kwanza ni hiyohiyo uliyoandika, kuamka kichwa kizito, na ikizidi mtu haamki. Kama kweli tumboni kuna kiumbe, basi gesi hiyo humfikia na yeye. Pasha chumba joto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla hujapanda kitandani. Ongeza blanketi, vaa kofia ya sufu. Na uangalie kama chumbani kwa bibi anakolala mtoto nako halilazwi jiko. Sasa tuendelee.

Ninavyoisoma barua yako, yako mambo mawili yaliyofungana fundo. Liko la uso unaouma, na hilo lina njia zinazojulikana. Liko pia la siri, ambalo ndilo linalokuzuia usiifuate hata njia moja. Mama mkwe anadhani unamdharau, shemeji anadhani unameza, mume anadhani mambo yamekwisha. Kila mmoja anakujali kwa kile anachokijua, na hakuna hata mmoja anayejua linalokusumbua. Ndiyo maana umechoka hivyo.

Tuanze na uso. Ndani ya mifupa ya uso kuna jozi nne za vyumba vya hewa viitwavyo sainasi: mashavuni, juu ya nyusi, katikati ya macho, na nyuma zaidi. Kila kimoja kina kijilango chembamba cha kutolea ute kwenda puani. Mafua yakija, utando unavimba, kijilango kinaziba, ute unatuama ndani. Hapo ndipo yanapotokea hayo maumivu ya kuinama, mgandamizo chini ya jicho, kupotea kwa harufu, na kikohozi cha usiku kutokana na kamasi inayoshukia kooni. Mwenzako aliyesema sainasi hakuwa mbali na ukweli. Aliyesema jino naye nisimcheke, kwa sababu mizizi ya magego ya juu iko jirani kabisa na chumba cha shavuni: chumba kikiwaka, meno yanauma; na jino likioza mpaka kwenye mzizi, uchafu wake unaweza kuingia chumbani. Maumivu yako yako upande mmoja, kwa hiyo mwambie daktari akuangalie na meno. Ila kung'oa jino zima kwa kukisia shavu, hilo lisikuharakishe.

Sasa rangi ya kamasi. Shemeji amekuambia njano ni bakteria, na watu wengi wanaamini hivyo, hata wanaouza dawa. Ukweli ni kwamba mafua ya virusi nayo hutoa kamasi ya njano au ya kijani baada ya siku chache, kwa sababu ya chembe nyeupe za damu zinazopambana. Kati ya watu wazima 100 wenye mafua, wanaofikia maambukizi ya bakteria kwenye sainasi hawazidi 2 hivi. Waliobaki hupona wenyewe, wengi ndani ya siku 10, na antibaiotiki haiwafaidii lolote zaidi ya kuwaharisha na kuwafundisha wadudu usugu.

Kwa hiyo badala ya rangi, matabibu huangalia kalenda. Wanauliza: dalili zimepita siku 10 bila dalili ya kupungua? Au homa ilipanda sana, nyuzi 39 na kuendelea, pamoja na usaha puani au maumivu makali ya uso, kwa siku tatu au nne mfululizo? Au mgonjwa alipata nafuu, halafu akazidiwa upya? Nakuomba uchukue kalenda ya ukutani uweke alama siku koo lilipoanza kuwasha, na siku ya ile Jumapili. Umeniandikia kwamba ulipona mpaka ukafua mashuka, kisha usiku ukaamka na homa. Hapo sitazunguka: mwendo huo wa nafuu kisha kuzidiwa ndio unaowafanya madaktari wafikirie kwamba bakteria wamefuata nyuma ya mafua. Sisemi ndivyo ilivyo, sijakuona wala sijakugusa. Nasema ni sababu ya kutosha ya kuonwa na mtu aliyesomea, juma hili, wala si baada ya mitihani. Na homa ya kutetemeka ipimwe malaria pia. Huko kwenu juu malaria ni chache kuliko kwenu Tanga, lakini kwa anayehisi ana mimba haifai kukisia.

Uliniuliza uvumilie. Kuvumilia si upumbavu, maana hata maambukizi ya bakteria mara nyingine huisha yenyewe, na wako madaktari wanaomwambia mgonjwa asiye na hali mbaya asubiri siku chache huku wakimfuatilia. Ila hao wanasubiri wakiwa wamemwona mgonjwa, naye anajua lini arudi. Wewe unasubiri peke yako, gizani. Homa kali ya muda mrefu nayo si rafiki wa mimba changa. Ukichagua kusubiri hata siku moja, basi jua mahali kusubiri kunapoishia: jicho au kope ikivimba au kuwa nyekundu, ukianza kuona vitu viwiliviwili au macho kufifia, paji la uso likivimba, kichwa kikiuma kupita kiasi, shingo ikikakamaa, ukachanganyikiwa au ukawa unatapika mfululizo. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ni nadra, lakini vyumba hivi viko jirani na macho na ubongo.

Kuhusu vidonge vilivyo mkobani. Doksisaiklini ni dawa nzuri kwa maradhi yake, lakini kwa mjamzito kwa kawaida huepukwa, kwa sababu inaweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto. Kwa hiyo hofu yako haikuwa ya bure. Shemeji hakukosea kwa ubaya, alitoa dawa bila kujua anampa nani. Lakini usihame kutoka hapo ukafika kwenye imani kwamba mjamzito hatakiwi kumeza chochote. Daktari akiona antibaiotiki inahitajika, zipo kama amoksilini ambazo zimetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi, kwa dozi ya siku 5 mpaka 7 hivi, na yeye ndiye atakayechagua baada ya kukuuliza kama penisilini, ambayo ni jamii moja na amoksilini, imewahi kukudhuru. Paracetamol, yaani hiyo panadol yako, nayo ndiyo dawa ya maumivu na homa inayopendekezwa kwanza katika ujauzito. Kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini, kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Unavyoimeza moja moja mpaka ushindwe, unaumia bila sababu. Dawa nyingine za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao ziache mpaka ujue hali yako.

Yale matone ya dukani yana hila yao. Yanabana mishipa ya pua, unapumua vizuri, raha tupu. Ukiyazoea zaidi ya siku tatu mpaka tano, pua inaanza kuziba kwa sababu ya matone yenyewe, nawe unaongeza matone. Nadhani umeshafika hapo. Wengine hufanikiwa kuyaacha kwa kuanza na tundu moja la pua, lingine likiendelea kwa siku chache, kisha nalo linaachishwa. Utasumbuka kidogo, halafu itaachia. Mtajie daktari jina la dawa hiyo, hasa kama shinikizo lako la damu huwa linapanda.

Sasa matone ya mama. Hapa nataka nikuulize, bila kukulaumu: una hakika kwamba anachokitaka ni yale majani yaingie puani mwako? Au anataka kumuuguza mke wa mwanawe, na majani ndiyo lugha aliyo nayo? Sijui majani yake ni yapi, na hata ningejua, maji mabichi ya majani kwenye utando uliovimba yanaweza kuunguza na kuleta damu, kama ulivyoona kwa jirani. Hayajapimwa kwa mjamzito, na maji yake huenda si salama. Kukubali mara moja ili nyumba itulie kuna bei nyingine pia. Usipopona ataongeza, ukipona kwa sababu nyingine atakutia tena mwakani. Lakini kumkatalia uuguzi wote ni jambo jingine, na nadhani huko ndiko kulikomuumiza.

Iko kazi ambayo unaweza kumpa, na ni kazi ya kweli. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia, ni salama kwa mjamzito, na kunahitaji mtu wa kuandaa. Maji lazima yachemke kwelikweli. Huko mliko, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yaachwe yatokote dakika 3 nzima, kisha yapoe mpaka yawe vuguvugu kwenye chombo kilichofunikwa. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yasiingie puani hata kidogo, maana yanaweza kubeba vijidudu vya hatari visivyomdhuru anayeyanywa lakini vinavyomdhuru anayeyavuta puani. Katika robo lita weka robo mpaka nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tafuta sirinji kubwa isiyo na sindano. Inamia beseni, geuza kichwa upande, fungua mdomo na upumulie huko, sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu mpaka yatokee la chini. Mara ya kwanza utajisikia kuzama, ya pili utazoea. Yakiwasha, chumvi imezidi au imepungua. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni, mito miwili chini ya kichwa, supu ya moto, haya yote mama anayaweza kuliko mimi.

Akikuambia ujifukize, mvuke unalegeza kamasi kwa muda ingawa hauponyi, na hatari yake ni sufuria la maji ya moto chini ya shuka huku mtoto wa miaka minne anazunguka. Nimeuguza mapaja yaliyoungua hivyo. Beseni liwe juu ya meza, maji yasiwe ya kutokota, na mtoto awe chumba kingine. Au ukae tu bafuni mvuke wa maji ya kuoga ukiwa umejaa.

Kupasuliwa kusikunyime usingizi. Upasuaji wa sainasi huwa ni kwa wale ambao tatizo limekaa zaidi ya wiki 12 na dawa zimeshindwa, au waliopata yale madhara ya jicho na ubongo. Wewe bado uko mbali na huko.

Tumebaki na siri.

Kwanza, hujui bado. Mafua, homa, uchovu wa shule na hofu vyenyewe vinaweza kuchelewesha hedhi. Kipimo cha mkojo ni cha bei ndogo, na si lazima kinunuliwe dukani kwa mtu anayekuita shemeji. Kadi yako ya bima inakupeleka kituo cha afya au hospitali, na huko unaweza kumwambia tabibu mlango ukiwa umefungwa: "Nimepitiliza, naomba nipimwe kabla ya dawa." Sentensi hiyo moja itabadilisha dawa atakazokuandikia, na picha ya eksirei kama atafikiria kuipiga. Anayekutibu ana wajibu wa kukutunzia siri. Mji wenu ni mdogo, nakubali, basi nenda kituo kisicho cha mtaa wenu. Na ukisikia maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja, au damu kutoka, usisubiri foleni ya kawaida.

Ukishajua, nani mwingine ajue? Hili ni lako, nami sitaliamua. Ukimwambia mume, utapata mtu wa kumwambia mdogo wake na mama yake, "Niachieni mke wangu atibiwe hospitali," bila wewe kueleza neno. Lakini huenda naye akashindwa kufunga mdomo kwa furaha. Wewe ndiye unayemjua. Ukimwambia mama mkwe, unaweza kumpata mlinzi ambaye hata ndoo hatakuruhusu kuishika, au siri ikafika kwa wifi kabla ya jua kuchwa. Usipomwambia yeyote, hilo nalo ni haki yako, ila utahitaji sababu nyingine ya kumpa, na iwe ya kweli. "Mama, daktari amenizuia kutia kitu puani mpaka nimalize dawa, nisaidie kuandaa maji ya chumvi" ni sababu ya kweli ukishamwona daktari. Hutakuwa umemdanganya wala kumdharau.

Nikuulize na hili. Mwaka jana waliokusema walikuwa akina nani hasa? Mama mkwe alikuwa mmojawapo? Katika barua yako umemtaja kama mama mwema mwanzoni kabisa, kabla hata ya kutaja ugonjwa, na waliosema mambo ya ndoo na baridi hukuwataja. Huenda nasoma zaidi ya ulichoandika. Lakini kama hakuwemo, kiapo chako kimemfungia mlango mtu asiye na kosa. Kama alikuwemo, basi unayo sababu ya kunyamaza, nami ninaielewa. Na kwa hao wa ndoo: mimba nyingi zinazoharibika changa huharibika kwa sababu ya hitilafu ya kromosomu, yaani vibeba urithi wa mtoto, iliyokuwepo tangu kutungwa. Hukufanya kosa. Baridi ya Njombe haikuhusika, wala upwani wako.

Kazini usiende kwa kujikaza. Ukionwa, omba cheti cha mapumziko ya siku mbili tatu. Najua darasa la saba wanakaribia mtihani wao wa mwezi wa tisa na hutaki kuwaacha, lakini mwalimu asiyeweza kuinamia daftari anasahihisha nini?

Ukitoka kwa daktari, vidonge vya mkobani mrudishie shemeji, usimpe jirani wala usivihifadhi kwa siku nyingine. Ukitaka umwambie tu kwamba umeandikiwa vingine. Na kama katika siku tatu za dawa mpya hujaona nafuu yoyote, rudi kulekule ulikotibiwa, usianze upya kwa mtu mwingine.

Niandikie tena ukipenda, hata kama ni kuniambia umechagua njia ambayo sikuitaja hapa.